Waziri Akijiuzulu, Hesabu Haijafungwa

(Mazungumzo ya wiki kama yalivyosomwa redioni)



Kisiwani kwetu Pemba hakuna mtu asiyejua kudai hesabu. Ukenda shamba wakati wa msimu wa karafuu utamkuta mwenye shamba amekaa chini ya mti, pishi iko mbele yake, na kila mchumaji anapimiwa alichochuma huku mwenyewe anatazama. Pishi ikipungua hata kwa konzi moja, hapo patakuwa na maneno. Ukenda Kojani, wavuvi waliorudi kutoka dago wanagawana walichopata: fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la nahodha, na mafungu ya mabaharia. Hakuna anayeona haya kuuliza, wala hakuna anayekasirika kwa kuulizwa. Hata mtoto akitumwa dukani na noti ya shilingi elfu kumi, akirudi anatakiwa aseme kila kitu kimechukua kiasi gani, na chenji aiweke mkononi mwa mama yake.

Lakini watu hawa hawa, inapokuja fedha ya Serikali na kazi ya Serikali, tunakuwa wapole kupita kiasi. Tunanong'ona barazani, tunatikisa vichwa, kisha tunaagiza kahawa nyengine. Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya upole huo, na namna ulivyotugharimu.

Nitaanza na usiku ambao kila nyumba ya Pemba inaukumbuka. Ni usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011. Meli ya MV Spice Islander I ilikuwa imeondoka bandari ya Malindi, Unguja, kuja huku kwetu. Sikukuu ya Idd el Fitri ilikuwa haijapita muda mrefu, na watu walikuwa wanarudi makwao na watoto wao na mizigo yao. Ilipofika mkondo wa Nungwi meli ikalala ubavu, ikazama. Wako waliopona kwa kushikilia magodoro yaliyokuwa yanaelea. Wengi hawakupata cha kushika.

Mimi wakati ule nilikuwa ripota, nipo Chake Chake. Habari hatukuipata kwa taarifa rasmi. Tuliipata kwa simu zilizokuwa zinalia nyumba hadi nyumba baada ya sala ya Alfajiri. Kutwa nzima watu walikuwa wamekaa vibarazani na orodha zao: fulani na mkewe, fulani na wanawe wanne, bibi fulani na mjukuu. Kule Unguja, maiti zilikuwa zinapangwa katika uwanja wa Maisara ili jamaa wazitambue. Huku, jirani yetu mmoja, mama wa makamo, hakuwa akilia. Alikuwa akiuliza jambo moja tu, tena kwa kila aliyepita: mle chomboni walikuwamo watu wangapi?

Hakuna aliyeweza kumjibu. Idadi zilizotangazwa siku za mwanzo hazikukaribia ukweli. Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Dk. Ali Mohamed Shein, aliunda tume iliyoongozwa na jaji, na ripoti yake ikatolewa Januari 2012. Tume ikaeleza kwamba meli hiyo, iliyokuwa na ruhusa ya kuchukua watu 645, ilibeba watu 2,470. Maiti zilizopatikana ni 203. Watu 1,370 hawakuonekana tena.

Ndugu wasikilizaji, naomba tuzitazame nambari hizi mbili kwa utulivu: 645 na 2,470. Ni karibu mara nne. Hili halikuwa kosa la mtu kukosea kujumlisha. Watu karibu elfu mbili wa ziada hawaingii melini kwa siri. Wanapita getini, wanapanda ngazi, wanakaa juu ya mizigo, na askari wapo, maofisa wa bandari wapo, wenye meli wapo. Kila mmoja anaona, na hakuna anayehesabu. Kwa hivyo yule mama alikuwa ameuliza swali ambalo Serikali nzima ilipaswa kujiuliza kabla ya kamba kufunguliwa.

Sasa tulitazame neno ambalo siku hizi linatumiwa sana, neno kuwajibika. Katika siasa za nchi yetu neno hili limekuja kuwa na maana moja tu, nayo ni waziri kuandika barua ya kujiuzulu. Anayejiuzulu tunasema amewajibika. Anayekataa tunasema hakuwajibika. Na maana hiyo ina historia yake.

Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa kwa tuhuma za mauaji ya vikongwe waliteswa na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Yeye hakumpiga mtu, wala hakuwapo pahala pale. Lakini Januari 1977 alijiuzulu, kwa sababu waliotenda yale walikuwa chini ya wizara yake. Alijiuzulu pia Waziri Peter Siyovelwa. Watu wengi walidhani siasa ya Mzee Mwinyi imekwisha. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alipofariki mwezi wa Februari 2024, waliomzika Mangapwani na waliomlilia nchi nzima walilikumbuka jambo lile la 1977 kuwa ni sifa yake. Wale wanaong'ang'ania viti kwa kuogopa kwamba kujiuzulu ni kifo, mfano wao uko hapo.

Na sisi Pemba tunao mfano wetu. Baada ya Spice Islander, waziri aliyesimamia usafiri wa baharini alikuwa Bwana Hamad Masoud Hamad, Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano, Mwakilishi wa jimbo la Ole, kijana wetu wa hapa hapa. Zilikuwapo sauti zilizomtaka aondoke. Hakuondoka. Miezi kumi ikapita. Tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya kuingia Ramadhani, meli ya MV Skagit iliyokuwa inatoka Dar es Salaam kwenda Unguja ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Mara hii waziri alimwandikia Rais barua, na Rais akaikubali. Nafasi yake akapewa Bwana Rashid Seif Suleiman, Mwakilishi wa Ziwani, naye pia mtu wa Pemba.

Nataka niseme kwa uadilifu. Bwana Hamad Masoud alifanya jambo ambalo mawaziri wengi wa nchi hii hawajalifanya, na mtu anayekubali kubeba lawama anastahiki kupewa haki yake. Lakini najiuliza: je, barua ile ilitulipa nini? Baada ya kujiuzulu kwake, mazungumzo yote yalihama. Barazani watu wakazungumza nani ameondoka, nani ameingia, chama gani kimepata, chama gani kimepoteza. Swali la yule mama likasahauliwa. Kesi zilifunguliwa mahakamani dhidi ya baadhi ya waliotuhumiwa kwa ajali ile ya kwanza. Waulize leo watu kumi wa Wete ni waziri gani aliyejiuzulu, wote kumi watakwambia. Waulize kesi zile ziliishaje, watakutazama.

Hapo ndipo penye nia ya mazungumzo yangu. Kujiuzulu ni jambo zuri, lakini hakufungi hesabu. Kiongozi wa umma ana hesabu tatu juu ya shingo yake. Ya kwanza ni hesabu ya cheo: umeshindwa, toka, mpishe mwengine. Ya pili ni hesabu ya sheria: kama kuna kosa, nenda mahakamani, ukaeleze. Ya tatu ni hesabu ya daftari: kiasi gani kilitolewa, kilitumika wapi, kimebaki kiasi gani, na kilichopotea kitarudi vipi. Nchini mwetu tunashangilia ya kwanza, tunaichoka ya pili, na ya tatu hatuigusi.

Tuvuke bahari kidogo tutazame wenzetu wa Bara, kwa sababu wao wameyapitia yote matatu.

Tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu, Bwana Edward Lowassa, alijiuzulu baada ya kamati ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe kusoma ripoti yake juu ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Mawaziri wawili, Bwana Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha, wakaondoka pamoja naye. Bwana Lowassa mwenyewe alikana kufanya kosa, na hakupelekwa mahakamani kwa jambo hilo. Hesabu ya kwanza ikalipwa, ya pili haikufunguliwa. Matokeo yake tuliyaona mwaka 2015. Bwana Lowassa alihamia upinzani akagombea urais kwa tiketi ya umoja wa vyama ambamo CUF nayo ilikuwamo. Waliokuwa wakimwita fisadi wakamshangilia, na waliokuwa wakimtetea wakaanza kumwita fisadi. Na humu Pemba, tusidanganyane, vifijo vilikuwa vikubwa. Hesabu yenyewe ya Richmond haikubadilika hata senti moja. Kilichobadilika ni rangi ya bendera.

Mfano wa pili ni wa mahakama. Julai 2015, Mahakama ya Kisutu iliwahukumu mawaziri wa zamani, Bwana Basil Mramba aliyekuwa Fedha na Bwana Daniel Yona aliyekuwa Nishati na Madini, kifungo cha miaka mitatu kwa kutumia madaraka vibaya, katika jambo la msamaha wa kodi kwa kampuni ya kukagua dhahabu, uliodaiwa kuitia Serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7. Baadaye kifungo kilipunguzwa, na Februari 2016 wakatoka gerezani wakamalizia adhabu kwa kazi za kijamii, kufanya usafi katika hospitali ya Sinza, Dar es Salaam. Waziri wa Fedha wa zamani ameshika ufagio! Wako waliocheka, wako waliosikitika. Lakini angalau raia alijifunza kwamba saini ya waziri nayo ina mahakama yake.

Mfano wa tatu ni wa fedha kurudi, na huu unatia aibu. Tanzania ilinunua rada ya kijeshi kutoka kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa bei iliyopigiwa kelele kwamba ni kubwa mno kwa nchi maskini. Waliofungua daftari hawakuwa sisi. Ni ofisi ya Uingereza inayochunguza ulaghai mkubwa. Mwaka 2010 kampuni ile ikakubali kulipa, na sisi tukapata paundi milioni 29.5, zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya skuli za msingi za Bara. Ni jambo la kheri, watoto walikaa kwenye madawati. Lakini mwenye mali kungojea mtu wa mbali amdaie deni lake, hiyo ni aibu yetu, tusiifunike kwa madawati.

Turudi nyumbani. Baada ya misiba ile miwili, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliamua kununua meli yake. MV Mapinduzi II ilijengwa Korea ya Kusini na kampuni ya Daewoo, ikapokelewa Disemba 2015. Ina uwezo wa kuchukua abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Iligharimu zaidi ya dola milioni 30 za Kimarekani, fedha za umma. Siku ilipoingia bandarini watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Mimi mwenyewe nilifurahi.

Lakini hebu tuifanyie meli ile kama wanavyofanya watu wa Kojani. Chombo kimenunuliwa kwa fedha zetu, basi na fungu letu lihesabiwe. Kwa mwaka imekwenda safari ngapi? Imechukua abiria wangapi? Mafuta yamechukua kiasi gani, na matengenezo kiasi gani? Ilipokaa bandarini, ilikaa siku ngapi na kwa sababu gani? Mabaharia wamelipwa kiasi gani, na kilichobaki kimeingia mfuko gani? Haya si maswali ya uadui. Ni maswali yale yale anayoulizwa nahodha wa mashua ya futi thelathini, naye huyajibu akiwa amechuchumaa mchangani. Kama nahodha wa mashua anaweza, shirika lenye wahasibu na kompyuta linashindwa nini?

Msikilizaji, unaweza kuniambia kwamba kazi hiyo ina wenyewe. Ni kweli. Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika ibara ya 112, imeweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Baraza la Wawakilishi kule Chukwani lina kamati yake ya hesabu za Serikali. Tangu 2012 ipo mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi, na tangu 2015 ipo sheria ya maadili ya viongozi wa umma. Na kila wizara ina mtu mmoja anayebeba dhamana ya matumizi yote. Jina la cheo chake ni afisa masuuli. Neno hilo masuuli tumelichukua kutoka Kiarabu, na maana yake ni mwenye kuulizwa. Angalieni hekima iliyomo ndani ya neno. Waliokipa jina cheo hicho walijua kwamba kazi yake ya kwanza si kutia saini, ni kuulizwa. Sasa kama hakuna anayeuliza, afisa huyo amebaki na cheo cha bure.

Na muulizaji wa mwisho, ndugu zangu, si mkaguzi wala kamati. Mkaguzi anaandika, kamati inasoma. Ripoti ikikaa kabatini hakuna mwizi anayeogopa kabati. Anachoogopa ni watu kuizungumza ripoti sokoni, wakijua ukurasa na kiasi.

Kwa nini basi hatuulizi? Nimesikiliza watu kwa muda mrefu, na udhuru ninaousikia ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni udhuru wa chama. Tunasema huyu ni wetu, na yule ni wao. Akikosea wa kwao, huo ni wizi. Akikosea wa kwetu, hiyo ni fitina ya maadui. Wakati Bwana Hamad Masoud anajiuzulu, nilisikia kwa masikio yangu watu wawili kwenye baraza moja. Mmoja anasema ameonewa kwa sababu ni CUF, mwengine anasema anastahiki kwa sababu ni CUF. Hakuna kati yao aliyetaja watu 2,470. Sisi Wapemba tumepitia siasa ngumu, tunajua uchungu wa kunyimwa haki, na mtu aliyechomwa na moto hawezi kulaumiwa kwa kuwakimbilia wenzake. Lakini bahari ya Nungwi haikumuuliza mtu kadi yake ya chama. Waliozama ni wa kijani na wa buluu na wasiokuwa na rangi yoyote.

Udhuru wa pili ni woga. Mtu anaogopa akiuliza ataitwa mchochezi, au mwanawe atakosa kazi, au jina lake halitaandikwa kwenye orodha ya msaada. Woga huu siudharau, kwa sababu una sababu zake. Ninachosema ni kwamba mtu mmoja anayeuliza anaweza kunyamazishwa, lakini shehia nzima inayouliza swali moja, kwa adabu, kwa barua yenye saini mia mbili, hiyo ni shida kuinyamazisha.

Udhuru wa tatu ni mzito zaidi, maana umevaa kanzu. Tunasema ni kadari ya Mungu. Na kweli, hakuna afaye kabla ya siku yake. Sisi ni Waislamu, hilo halina ubishi. Lakini kadari haikuuza tiketi zaidi ya uwezo wa meli, wala haikumwambia mkaguzi afumbe macho. Dini hiyo hiyo inatufundisha kwamba kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, na neno hesabu tunalolitumia dukani ni lile lile la siku ya Kiyama. Anayeamini kwamba atahesabiwa huko, asiudhike kuhesabiwa hapa.

Na mimi nisiwanyooshee wengine kidole nikajisahau. Sisi waandishi wa habari tumo katika upole huu. Mara ngapi tumekwenda kwenye ufunguzi wa jengo, tukaandika jina la mgeni rasmi, tukaandika alivyokata utepe, tukaandika ngoma iliyochezwa, tukala pilau, tukarudi ofisini bila ya kuandika jengo limegharimu shilingi ngapi na nani kalijenga? Nakumbuka mwaka mmoja nilikwenda kwenye uzinduzi wa kituo kidogo cha afya. Nikamuuliza mkubwa mmoja gharama ya ukuta wake, maana ulikuwa umeshaanza kupasuka. Akanipiga begani akacheka, akasema, "Wewe bwana andika habari, hayo ya ukuta tuachie sisi." Nikanyamaza. Habari yangu ilitoka vizuri, haikuwa na ukuta ndani yake. Nimeisoma tena mara nyingi, na kila nikiisoma naona haya.

Kwa hivyo nini kifanyike? Sitaki kuwaachia lawama tupu. Nina mambo manne, yote yako ndani ya uwezo wa mtu anayenunua gazeti hili.

Kwanza, mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai mosi, na kabla ya hapo bajeti inasomwa Chukwani. Chagua jambo moja tu linalokuhusu: barabara ya kwenu, skuli ya mwanao, gati ya Wete au ya Mkoani. Andika kwenye daftari kiasi kilichotengwa. Mwaka ukiisha, kaangalie kwa macho yako.

Pili, mbunge wako na mwakilishi wako wote wana fedha ya mfuko wa maendeleo ya jimbo. Hiyo si sadaka yao, ni fedha ya umma. Wakija kwenye mkutano, badala ya kuwapigia makofi kwa mabati na saruji, waombeni wasome orodha: kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani. Kamati za misikiti yetu zinasoma hesabu zao mbele ya waumini. Mwakilishi si mtukufu kuliko msikiti.

Tatu, tudai sheria ya kupata habari. Bara wana sheria hiyo tangu 2016, lakini ni ya Bara. Katiba yetu ya Zanzibar, ibara ya 18, imetupa haki ya kupata habari. Haki bila ya utaratibu ni mlango bila ya ufunguo. Raia anapokwenda ofisini kuuliza gharama, asipigwe begani akachekwa.

Nne, kiongozi akijiuzulu, tumshukuru kwa kuondoka, halafu tuendelee kuuliza. Tumuulize aliyeingia, tuiulize mahakama, tuiulize kamati. Na asiyejiuzulu tumuulize mara mbili.

Ndugu wasikilizaji, yule jirani yetu bado yuko hai. Miaka imekwenda, hana tena ile haraka ya kuuliza kila apitaye. Lakini kila akisafiri kwenda Unguja, na siku hizi husafiri kwa nadra, watoto wake wananiambia kwamba akishapanda chomboni hukaa karibu na mlango, akaanza kuhesabu abiria wanaoingia, mmoja mmoja, kwa tasbihi yake. Akifika mia anarudia upya. Wahudumu wanamwona ni kikongwe aliyechanganyikiwa.

Mimi naona ni mtu pekee mle chomboni anayefanya kazi ya Serikali. Siku tutakapokuwa wengi tunaohesabu pamoja naye, abiria na fedha, hapo ndipo viongozi wetu watakapohesabu kwanza kabla yetu, kwa kuogopa kuulizwa.